Chuo na Shule: Waliyoyapima Wataalamu huko Liberia

Jua linapopinda, watoto wengi wa Kiislamu katika nyumba za askari huvua sare za shule, wakavaa kanzu na mitandio, wakashika juzuu zao kwenda chuoni. Asubuhi wamefundishwa hesabu. Alasiri wanasoma kwa sauti maneno ya lugha ambayo nyumbani haisemwi. Wapo walimu wa shule wanaolalamika kwamba kuhifadhi kwa moyo kunaua kufikiri. Wapo pia wazazi wanaojibu kwamba mtoto aliyezoea kuhifadhi Kurani hatashindwa na somo lolote. Pande zote mbili husema kwa yakini, na aghalabu hakuna upande uliopata kupima.

Waliopima wapo. Katika miaka ya 1970 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi kutoka Marekani, Sylvia Scribner na Michael Cole, walikwenda Liberia kwa watu waitwao Wavai, ambao wengi wao ni Waislamu. Waliwachagua kwa sababu ambayo ni nadra kupatikana kwingineko. Miongoni mwa Wavai palikuwa na njia tatu za kusoma na kuandika. Kiingereza kilifundishwa shuleni. Kiarabu kilifundishwa chuoni, kwa njia ya Kurani. Ya tatu ilikuwa hati ya Kivai yenyewe, iliyobuniwa yapata mwaka 1833 na Momolu Duwalu Bukele, ambayo kila alama yake ni silabi nzima. Hati hii haikuwa na shule. Mtu alifundishwa na jamaa au rafiki baada ya kazi za mchana, kisha akaitumia kuandika barua na kuweka hesabu zake.

Faida ya hali hiyo kwa mtafiti ni kubwa. Kwa kawaida mtu akidai kwamba kusoma kunafungua akili, haijulikani kama kilichofungua ni kusoma kwenyewe au ni shule pamoja na mambo yake yote. Kwa Wavai mambo hayo yalitengana, nao wataalamu wakaweza kuwapima watu wazima mia kadhaa, waliosoma na wasiosoma, kwa majaribio mamoja. Kitabu chao kilitoka mwaka 1981.

Majaribio yaliyohusu chuo yalikuwa haya. Kwanza, mtu alisomewa orodha ya maneno, akaambiwa ayataje kwa mpango wowote atakao. Hapo waliosoma Kurani hawakuwashinda wenzao. Kisha jaribio likageuzwa: mtu alipewa neno moja alirudie, halafu mawili, halafu matatu, kila mara likiongezwa moja, na mpango usivunjwe. Hapo watu wa chuoni wakatangulia mbele.

Mtu aliyekulia Lamu au Unguja hatashangaa. Mwalimu wa chuo humpa mtoto aya moja. Akiimudu humwongezea ya pili, na mtoto huanza tena tangu mwanzo, asiruke wala asibadili neno mahali pake. Ndivyo zilivyokuwa siku za mbao na wino wa masizi, na ndivyo Juzuu Amma inavyohifadhiwa hata leo. Kumbe kuhifadhi hakukuipanua kumbukumbu nzima kama gunia linavyopanuka, bali kulimpa mtu ustadi wa kazi ile ile aliyoizoea. Wanafunzi wa Kiingereza nao walizidi katika kueleza sababu za majibu yao, jambo ambalo mwalimu wa shule hulidai kila siku. Na walioandika kwa hati ya Kivai walikuwa hodari wa kumfahamisha mchezo mtu ambaye hakuwapo, kama afanyavyo mwandishi wa barua.

Basi mzazi anayetumaini kwamba chuo peke yake kitamfanya mwanawe awe hodari wa hesabu anatarajia kisichokuwamo. Lakini mwalimu anayesema kwamba chuo kinadumaza akili naye hana ushahidi. Huko Moroko, Daniel Wagner na wenzake walifuatana na watoto wa Kiberberi waliojifunza kusoma kwa Kiarabu, lugha isiyo yao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989 walionyesha kwamba mwanzoni watoto hao walikuwa nyuma ya wale wa Kiarabu, lakini kufika mwaka wa tano tofauti hiyo ilikuwa karibu imekwisha. Baadhi yao walikuwa wamepitia chuoni kabla ya shule. Kwa nchi ambazo mtoto husomeshwa kwa lugha asiyonyonya kwa mama yake, habari hiyo si ndogo.

Kuna upungufu wa kutajwa. Miongoni mwa Wavai waliosoma walikuwa hasa wanaume, kwa hiyo matokeo yale hayasemi mengi juu ya wasichana. Tena mzazi hampeleki mtoto chuoni ili ashinde katika jaribio la maneno. Humpeleka ajue kusali, na hilo halikupimwa.

Familia za askari zina shida yao mahsusi, nayo ni uhamisho. Kwa kuwa elimu ya chuoni ni mnyororo, mtoto anayeng'olewa katikati ya juzuu hupoteza mfululizo alioujenga kwa miezi. Mzazi anayehamia kituo kipya afadhali amwandikie mwalimu mpya jina la sura na aya aliyofikia mwanawe, na kumwomba amsikilize mtoto tangu mwanzo kabla ya kumwongezea hata neno moja.