Milkisheki ya Krismasi bila sukari ya kuongeza: jinsi ya kuitengeneza nyumbani

Watoto wamefunga shule, redio zinacheza nyimbo za Krismasi, na kila safari ya matatu kupitia Barabara ya Ngong huishia kwa ombi lile lile: "Mama, ninunulie milkisheki." Kinywaji hiki baridi cha maziwa na aiskrimu kimekuwa sehemu ya Desemba kwa familia nyingi za Riruta na mitaa jirani. Makala haya yanaeleza kilichomo ndani ya glasi hiyo, na namna ya kutengeneza yako kwa ndizi, maziwa na viungo vya chai, bila hata kijiko kimoja cha sukari.

Ilivyofika karibu nasi

Wakaazi wa magharibi ya Nairobi waliuona utamaduni huu ukikua mlangoni mwao. Mwaka wa 1999 mkahawa wa kwanza wa Java House ulifunguliwa Adams Arcade, Barabara ya Ngong. Mwaka wa 2011 KFC nayo ilifungua tawi lake la kwanza nchini katika jumba la Junction, umbali mfupi kutoka Riruta. Leo milkisheki inapatikana katika mikahawa mikubwa na hata katika vibanda vya chipsi mtaani.

Kuifanya iwe ya sikukuu ni mbinu ya zamani ya biashara. Nchini Marekani, kampuni ya McDonald's imekuwa ikiuza milkisheki ya kijani kibichi tangu mwaka wa 1970 kwa ajili ya sherehe ya Mtakatifu Patrick, inayofanyika Machi 17. Hapa kwetu hutiwa rangi nyekundu, krimu, biskuti zilizopondwa na sharubati ya chokoleti. Mapambo hubadilika, lakini msingi ni ule ule: maziwa, aiskrimu na sukari nyingi.

Sukari iliyomo

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2015, linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali, sharubati na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu mwili unayopata kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni takriban gramu 50, au vijiko 12 vya chai. Shirika hilo linasema ni bora zaidi kubaki chini ya gramu 25, yaani vijiko 6. Mtoto anahitaji kiasi kidogo kuliko hicho.

Milkisheki moja kubwa ya mikahawa ya vyakula vya haraka inaweza kuwa na zaidi ya gramu 60 za sukari, sawa na vijiko 15. Sehemu ndogo ni ya maziwa yenyewe. Iliyobaki hutoka kwa aiskrimu, sharubati na mapambo ya juu. Mtoto akiinywa pamoja na soda na keki siku hiyo hiyo, amepita kipimo mara kadhaa kabla ya jua kutua.

Siku moja ya sherehe haimletei mtu kisukari. Hatari iko katika mazoea. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Meno ya watoto nayo huoza kwa sukari inayokaa mdomoni kila siku.

Kazi tatu za aiskrimu

Ukitaka kuondoa kitu kwenye chakula, kwanza jiulize kinafanya kazi gani. Katika milkisheki, aiskrimu hufanya kazi tatu: hupoza, hufanya kinywaji kiwe kizito, na hukitia utamu. Ndizi mbivu iliyogandishwa hufanya zote tatu.

Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari. Ndiyo maana ile yenye madoa meusi ni tamu kuliko ya manjano safi, na ndiyo ambayo wauzaji wengi huipunguza bei jioni. Ikigandishwa kisha kusagwa, hulainika kama aiskrimu. Sukari yake huja pamoja na nyuzinyuzi na madini ya potasiamu. Parachichi huongeza uzito na mafuta mazuri. Wenzetu wa Mombasa na Lamu wamekuwa wakinywa juisi nzito ya parachichi kwa miaka mingi, hivyo jambo hili si geni katika nchi yetu.

Ladha ya sikukuu hutoka kwenye kabati la chai: mdalasini, iliki, tangawizi na kungumanga. Viungo hivi hufanya ulimi uhisi utamu hata pale ambapo sukari haikuongezwa.

Mahitaji kwa watu 4

- Ndizi mbivu 3 za wastani
- Maziwa nusu lita, yaliyochemshwa na kupoa kabisa
- Parachichi nusu
- Mdalasini wa unga nusu kijiko cha chai
- Iliki punje 3, zilizotwangwa
- Siagi ya njugu karanga isiyo na sukari, kijiko 1 kikubwa (ukipenda)

Namna ya kutayarisha

1. Usiku wa kuamkia siku hiyo, menya ndizi, zikate vipande vidogo na uzigandishe kwenye friza ndani ya chombo chenye kifuniko.
2. Osha parachichi kabla ya kulikata, kwa sababu kisu huingiza uchafu wa ganda ndani ya tunda.
3. Tia maziwa kwenye blenda kwanza, kisha ndizi, parachichi na viungo. Saga kwa dakika moja au mbili hadi pasiwe na vipande.
4. Onja. Ikiwa ni nzito mno, ongeza maziwa kidogo. Ikiwa haikolei, ongeza kipande cha ndizi, si sukari.
5. Mimina kwenye vikombe vinne na mnywe mara moja.

Kila kikombe kitakuwa na takriban gramu 16 za sukari, yote ikiwa ya asili ya ndizi na maziwa. Pia kuna protini na kalsiamu za kujenga mifupa ya mtoto.

Kwa rangi za Krismasi huhitaji rangi ya dukani. Majani machache ya mnanaa pamoja na parachichi lote badala ya nusu yatakupa kijani. Kipande kidogo cha bitiruti kilichochemshwa, badala ya parachichi, kitakupa nyekundu inayong'aa. Anza na kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kwani bitiruti ikizidi huleta ladha ya udongo.

Huna friji wala blenda?

Wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja bila friji, na tokeni za stima huisha wakati usiotarajiwa. Milkisheki bado inawezekana. Nunua mala baridi au maziwa baridi ya pakiti wakati ule ule unapotaka kuitengeneza. Ponda ndizi mbivu sana kwa uma au mwiko ndani ya bakuli hadi iwe kama uji, kisha ongeza parachichi lililopondwa na viungo. Tia kila kitu kwenye chupa safi ya mdomo mpana yenye kifuniko, na uitikise kwa nguvu kwa dakika mbili. Haitakuwa laini kama ya blenda, lakini watoto hupenda kuitikisa wenyewe, na mala huipa uchachu mzuri.

Usalama wa maziwa na maji

Kinywaji kisicho na sukari kinaweza bado kumlaza mtoto hospitalini ikiwa maziwa au barafu si salama. Milkisheki haipikwi, kwa hivyo kilichoingia nacho hubaki nacho.

Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya homa ya brusela na kifua kikuu. Yachemshe hadi yafure, yafunike, kisha weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ili yapoe haraka. Ukinunua kwa mashine ya maziwa, nenda na chombo safi na uhakikishe maziwa ni baridi. Ukinunua pakiti, angalia tarehe na alama ya ubora ya KEBS.

Barafu ni maji. Ikiwa maji ya bomba, kisima au mkokoteni hayajachemshwa, kuyagandisha hakuui vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Gandisha maji yaliyochemka tu, au tegemea ndizi zilizogandishwa na uache barafu kabisa.

Osha mikono kwa sabuni, na ufungue visu vya blenda kuviosha kila baada ya kutumia. Milkisheki iliyokaa nje ya friji zaidi ya saa mbili imwagwe, hata kama bado inanukia vizuri.

Nani ajihadhari?

- Mwenye kisukari: Ndizi na maziwa vina sukari, hata kama ni ya asili. Shosho au babu mwenye kisukari anywe nusu kikombe pamoja na chakula, na azungumze na mhudumu wake wa afya.
- Mtoto wa chini ya mwaka 1: Asipewe maziwa ya ng'ombe kama kinywaji, wala asali, ambayo inaweza kumletea sumu hatari kwa neva.
- Mtoto wa chini ya miaka 2: Asipewe kinywaji chochote kilichotiwa sukari.
- Mwenye mzio wa njugu: Acha siagi ya njugu, na uwaulize wageni kabla ya kuwapa. Njugu zenye kuvu au ladha chungu zisitumiwe na yeyote, kwani zinaweza kuwa na sumukuvu.
- Anayesumbuliwa na tumbo akinywa maziwa: Ajaribu mala, ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi.

Kama hujui hali yako ya sukari mwilini, Desemba si mwezi wa kuogopa kujua. Tembelea Kituo cha Afya cha Riruta au kituo kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wako. Kipimo huchukua dakika chache tu.

Hatusemi usiwapeleke watoto mkahawani. Wapeleke siku moja, mgawane glasi moja kubwa, mfurahie. Siku nyingine zote za likizo, blenda au chupa ya kutikisa iwe mezani, ndizi zenye madoa ziwe kwenye bakuli, na mtoto ajifunze kutengeneza mwenyewe kile anachokipenda.

Tunawatakia wakaazi wote sikukuu njema na yenye afya.