Ordinateri ya koperative ikigoma baada ya «mise à jour»



Siku hizi koperative zingine zinaandika kilo za kahawa, madeni ya mbegu na malipo ya kila mwanachama ndani ya ordinateri. Basi, mashini ikigoma siku ya malipo, si shida ya sekretere peke yake. Ni mfuko wa kila mkulima.

Mara nyingi shida inaanza baada ya sasisho, ile «mise à jour» ya Windows. Sasisho si adui: linaziba matundu ambamo virusi vinapita. Lakini linabadilisha vitu vingi kwa wakati mmoja, na saa zingine kimoja hakipatani na kingine. Tutazame shida nne.

1. Sasisho linakawia. Musizime mashini haraka. Kwa ordinateri ya zamani kazi hii inaweza kupita saa moja, na kukata umeme katikati ndiko kunaharibu. Kwa hiyo betri ijazwe kabla ya kuanza. Kama masaa mengi yamepita na hakuna kinachosogea, hapo ndipo mubonyeze kifungo cha kuwashia kwa sekunde 10, kisha muwashe tena.

2. Mafaili hayaonekani. Musiogope, na musiandike kitu kipya ndani ya mashini. Mwezi wa Februari 2020, sasisho moja la Windows 10 liliwaingiza watu wengine kwenye konti ya muda tu. Mafaili yao yalikuwa bado ndani. Zima na kuwasha mara mbili au tatu, kisha tazama kwenye diski C, folda «Utilisateurs». Lakini Oktoba 2018 Microsoft ilisimamisha sasisho lingine kwa sababu lilifuta kweli mafaili ya watu kadhaa. Ndiyo maana kopi ni ya lazima.

3. Mashini inaomba ufunguo wa tarakimu 48. Hicho si kirusi. Ni BitLocker, kufuli inayolinda diski. Sasisho la Julai 2024 lilifanya ordinateri zingine ziombe ufunguo huo. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye konti ya Microsoft ya yule aliyeanzisha mashini. Kama ni kijana aliyekwisha kuhama, koperative iko hatarini: bila ufunguo, hata fundi hodari hafungui diski. Muutafute leo, muuandike kwenye karatasi, na karatasi ikae pamoja na mihuri ya koperative. Isibandikwe kwenye mashini!

4. Emprimante imekataa, au mashini imekuwa nzito. Kwanza «Redémarrer». Ikishindikana, ondoa emprimante kwenye «Paramètres» na uiingize upya. Kama mulipanda toleo kubwa, mfano kutoka Windows 10 kwenda 11, na mambo yote yameharibika, kuna njia ya kurudi nyuma: «Paramètres», kisha «Récupération». Njia hiyo inabaki wazi siku 10 tu. Mutoe kopi ya mafaili kabla ya kurudi.

Kinga ni bora

Sasisho linakula mega nyingi. Kama munatumia simu kupata intaneti, muweke «Connexion limitée», na sasisho nyingi hazitashuka bila ruhusa yenu. Mulipokee jioni ya siku isiyo na kazi nyingi, hapana usiku wa kuamkia malipo.

Tena, tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kuhudumia Windows 10 bure kwa kawaida. Kabla ya kununua mashini iliyotumika, muulize muuzaji kama inakubali Windows 11: inahitaji RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64 na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Bei ndogo inaweza kuwa mtego.

Mwishoni mwa kila juma, sekretere atoe kopi kwenye kle USB mbili: moja ikae ofisini, ingine kwa mweka hazina. Na daftari la kilo lisitupwe. Mwanachama anapopima kahawa yake, aone kilo zimeandikwa pia kwenye karatasi. Hivyo hata mashini ikilala, malipo hayalali.