Ukiacha Dhehebu Lako, Usibaki Peke Yako

Labda umeacha dhehebu lako. Hilo si kosa. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inakupa uhuru wa kubadili dini au imani.

Lakini Katiba haipalilii shamba. Mama mmoja aliacha kanisa wakati wa masika. Wenzake waliokuwa wakipalilia naye kwa zamu hawakuja tena. Magugu yakameza mahindi yake. Akaniuliza: "Bwana shamba, nikifa nani atanizika?" Nami nilikwenda kwa habari ya mbolea tu!

Nilimpeleka kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Vikundi vingi vya namna hii haviulizi dini. Huwa na watu 15 hadi 30. Mnakutana, mnanunua hisa. Mnachangia pia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu. Wewe sasa unajua kusoma. Kagua kitabu chako mwenyewe.

Ukitishwa, mwone mwenyekiti wa kitongoji.

Msimu uliofuata watu watatu wa kikundi walikuja kwa mama yule na majembe. Mmoja wao anasali katika kanisa lile lile.