Bunduki na Amani ya Mji wa Arusha

Agosti 2013, mfanyabiashara mashuhuri wa tanzanite, mwenye maskani yake Arusha, alipouawa kwa risasi mchana katika wilaya jirani ya Hai, hofu iliwaingia wengi waishio chini ya Mlima Meru, hasa wale ambao riziki yao ni vito, fedha taslimu na safari za usiku. Nao huuliza, na ni haki yao kuuliza, raia mwema ajihami vipi.

Sheria imekwisha kujibu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 18 na vile vinavyokifuata, humruhusu mtu kuitetea nafsi yake, nafsi ya mwenziwe na hata mali, ilimradi nguvu atumiayo isipite kadiri ya hatari iliyomkabili; na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimkatazi raia kumiliki bunduki, bali humlazimu kupata leseni na kuihifadhi silaha mahali pa salama.

Walakini leseni si kinga timilifu, kwani silaha iliyomo nyumbani yaweza kuibwa ikawa nyenzo ya dhuluma, au kushikwa na mtoto, au na mtu aliyeghadhibika. Ulinzi ulio bora ni majirani kujuana, sungusungu kutenda kwa idhini ya sheria bila kumhukumu mtuhumiwa barabarani, na polisi kupewa habari mapema. Basi, ewe msomaji ujuaye ilipo silaha ya haramu, peleka habari kituoni leo, maana kuinyamazia ni kushirikiana na muuaji.