Kabla hujamnunulia besi nyingine, kagua skrubu zake

Kijana anayepiga gitaa la besi akianza kukwepa mazoezi ya kwaya, mzazi huwalaumu kwanza marafiki, halafu simu. Gitaa lenyewe halikaguliwi. Kumbe nyuzi zikikaa juu mno huumiza vidole, na gitaa likiwa halilingani sauti mtoto huonekana hana sikio. Anayechekwa na wenzake kila Jumamosi kwa kosa la skrubu ndogo kama punje ya mchele hachelewi kuacha muziki.

Wazazi wa Kaloleni wanajua uzito wa besi katika wimbo. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, waliotoka Tanga, walipiga hapa Arusha kwa jina la Arusha Jazz mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Humo ndimo walimotoka Les Wanyika mwaka 1978, na asiyeijua besi ya Tom Malanga katika “Sina Makosa” amwulize baba yake.

Sasa shika gitaa. Upande wa chini, nyuzi zinapofungwa, kuna bamba la chuma liitwalo daraja. Juu yake kuna vipande vinne ambavyo nyuzi huvikalia, kila uzi na chake, tuviite vikalio. Kila kikalio kina skrubu mbili fupi zisizo na kichwa za kukipandisha na kukishusha, na moja ndefu kwa nyuma ya kukisogeza mbele au nyuma. Ni hizo tu.

Anza na kimo. Chukua rula ya shule upime nafasi kati ya uzi na freti ya 17, zile nondo nyembamba za shingoni. Milimita 2 hadi 2.5 inawafaa wengi, uzi mnene ukiwa juu kidogo kuliko mwembamba. Skrubu hizo huzungushwa kwa kifunguo kidogo cha pembe sita, mara nyingi cha milimita 1.5. Zungusha robo tu, zote mbili sawasawa ili kikalio kisilale upande, kisha sikiliza. Uzi ukikwaruza kama nzi ndani ya kopo, umeshuka mno.

Kisha ulinganifu wa sauti, na hapa nyuzi ziwe nzima. Zilizochakaa hazilingani hata ufanyeje. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige, uondoe kidole: utasikia sauti kama ya kengele. Sasa kandamiza uzi huo huo kwenye freti hiyo hiyo. Sauti mbili zinatakiwa kuwa moja, na programu ya kutyuni kwenye simu itakuonyesha. Ya kukandamiza ikiwa juu, legeza uzi kwanza, kaza skrubu ya nyuma ili kikalio kirudi nyuma, tyuni upya, pima tena. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Mwisho vikalio vitajipanga kama ngazi, wa uzi mnene ukiwa nyuma zaidi. Usivinyooshe kwa kupenda unadhifu!

Taabu halisi ni kutu. Jasho la mkono hushuka humo miaka mingi, na skrubu hugoma. Mwacheni kijana asitumie nguvu wala kifunguo kisichoenea, maana pembe zikishalika kazi imekuwa ngumu. Dondosha tone la mafuta ya kulainisha kwa njiti ya kiberiti, liache usiku kucha. Pembe zikiwa zimelika tayari, legeza uzi, fungua kikalio chote, kigeuze: ncha ya skrubu iliyochomoza chini inashikika kwa koleo, na unaizungusha itokee huko huko.

Ukienda dukani kwa wauza nati na bolti, beba skrubu ya zamani. Besi nyingi zilizotengenezwa Asia hutumia M3, lakini nyingi za Marekani zina nyuzi za vipimo vya inchi, na skrubu isiyolingana itaharibu kikalio kizima. Omba zisizoshika kutu, za urefu ule ule. Ndefu zitachomoza juu na kumkwaruza kiganja.

Fanyieni kazi hiyo mezani, juu ya kitambaa cheupe, waya wa spika ukiwa umechomolewa na mdogo wake anayetia kila kitu mdomoni akiwa mbali. Na kama vikalio vimeshushwa hadi mwisho na nyuzi bado ziko juu, huenda shingo ndiyo iliyopinda. Hapo mpelekeeni fundi.