Dundu anayeishi miaka sebuleni

WENGI wetu tukimwona dundu ukutani hukimbilia ufagio. Nchini Japani mdudu huyo huuzwa dukani, hutiwa ndani ya sanduku la plastiki na kutunzwa sebuleni.

Aghalabu watoto wa huko huanza na kabutomushi, dundu mwenye pembe anayechomoza ardhini majira ya joto na kufa kabla ya baridi kuingia. Urafiki wao huwa wa miezi miwili au mitatu tu.

Ookuwagata ni kisa kingine. Huyu, mwenye taya mithili ya koleo, huweza kuishi miaka mitatu au zaidi baada ya kukomaa. Msimu wa baridi ukifika hujificha ndani ya mti uliooza, hatembei wala hali hadi joto lirejee. Mfugaji asiyejua humdhania amekufa, akamtupa.

Kumlisha si kazi. Msituni hunywa utomvu wa miti; nyumbani hupewa kipande cha ndizi mbivu au jeli maalumu inayouzwa madukani. Tikiti halimfai, ni maji matupu. Sandukuni hutandazwa vumbi la mbao lenye unyevunyevu. Madume wawili hawawekwi pamoja, kwani watajeruhiana.

Kazi iko kwa mabuu. Jike hutaga mayai kwenye gogo lililooza, na buu hula mbao hizo kwa mwaka mmoja au miwili. Wafugaji waligundua kwamba akilelewa ndani ya chupa ya vumbi la mbao lililooteshwa uyoga, hunenepa zaidi. Na bei hufuata ukubwa, maana dundu aliyekwisha kukomaa haongezi hata milimita moja. Mnamo 1999, ookuwagata mmoja wa milimita 80 aliuzwa jijini Tokyo kwa yeni milioni 10!

Mwaka huo huo, Japani ililegeza masharti ya kuingiza dundu wa kigeni, nao wakamiminika kwa mamia ya maelfu, wengi kutoka Indonesia na nchi nyingine za Asia. Hapo ndipo maisha marefu yalipogeuka hatari. Mtoto aliyechoshwa na mdudu ambaye bado ana miaka miwili ya kuishi humwachilia kichakani, akidhani anamfanyia hisani. Watafiti wa Japani walithibitisha maabarani kwamba dundu wa Sumatra huweza kuzaana na jamaa zao wa Japani, na chotara wao pia huzaa. Kizazi cha asili chaweza kutoweka hivyo bila mti hata mmoja kukatwa.

Biashara ya wadudu wa kufugwa imeifikia Kenya pia. Mei 2025, mahakama ya JKIA iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na maelfu ya chungu hai, wakiwemo malkia wanaotafutwa na wafugaji ng'ambo. Dundu wakubwa aina ya Goliath wapo katika msitu wa Kakamega, nao hawaruhusiwi kukamatwa na kusafirishwa nje bila kibali cha KWS.