Mgongo wa Mwenzako Barabarani

Msafara wa Twende Butiama huwatoa waendesha baiskeli Dar es Salaam hadi kijiji alichozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, mkoani Mara, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Njiani hupandwa miti na kutolewa madawati. Siku hizi vikundi vya marafiki navyo vinapanga safari zao, huyu akichangia zahanati, yule shule ya kijijini kwao. Kwa mtu wa tiba ya michezo hilo ni jambo la kufurahisha sana. Ila naona wengi wanafanyia mazoezi miguu peke yake, na kusahau kwamba hata kuendesha pamoja kunafunzwa.

Barabara ikiwa tambarare, adui yako mkubwa ni hewa. Ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 30, mwendo umezidi kwa nusu tu, lakini nguvu ya kuipasua hewa imepanda zaidi ya mara tatu. Anayekaa nyuma ya mwenzake, gurudumu kwa gurudumu, anaweza kuokoa hata robo ya nguvu zake. Kwa hiyo mbele pakaliwe kwa zamu, dakika chache kila mmoja. Anayemaliza zamu anajitoa taratibu na kurudi mkiani. Anayepokea asiongeze mwendo hata kidogo, na hapa ndipo vikundi vingi huvunjika: kijana mwenye nguvu akishika usukani wa msafara anakanyaga kwa furaha, na wa nyuma kabisa anaachwa peke yake na upepo.

Upepo wa ubavuni, kama unaovuma kwenye maeneo ya wazi ya Singida, una shida yake. Ili ujikinge inabidi ukae mshazari na mwenzako, jambo lisilowezekana kwenye barabara yenye malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Hapo punguzeni mwendo, mgawanyike wachache wachache. Lori likikupita, kichwa chake kinakusukuma nje ya lami, kisha mkia unakuvuta ndani. Shika hendeli imara, viwiko vikiwa vimelegea.

Kwa anayetoka Singida kwenda Nzega, mlima wa Sekenke ni mteremko. Usibane breki mfululizo, maana rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana tena. Kwenye vilima vya kupanda, mgongo wa mwenzako haukusaidii sana, kwa kuwa mwendo ni mdogo. Kila mtu apande kwa pumzi zake, mkutane juu.

Kuhusu chakula, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hutosha kwa saa moja na nusu hadi mbili za kazi nzito. Baada ya hapo miguu hugoma ghafla, na ukila wakati huo umechelewa. Ndizi mbivu moja au mbili kila saa, kuanzia saa ya kwanza, zinatosha kabisa. Kiazi kitamu cha kuchemsha nacho ni kizuri.

Kinachonitia hofu zaidi ni maji matupu. Anayetoka jasho kutwa huku akijaza tumbo maji yasiyo na chumvi hupunguza kiwango cha chumvi kwenye damu. Pete inaanza kubana kidoleni, kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, na wenzake wakidhani ni kiu wanamwongezea maji. Kunywa kadiri ya kiu, ule na vitu vya chumvi.

Michango nayo inagusa afya moja kwa moja. Ahadi ikifungwa kwa mtu mmoja mmoja, kiasi fulani kwa kila kilomita, anayeumwa ataficha asije akainyima shule fedha. Nashauri ahadi iwe ya msafara mzima, na ikusanywe kabla ya kuondoka. Hapo mtu anapanda gari la msaada bila aibu. Na yupo ambaye hapaswi hata kuulizwa kama anataka kupanda: anayeyumba, anayejibu ovyo, ambaye ngozi yake inawaka kama ya mwenye homa kali. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea, na aendelee kupoozwa hata akiwa njiani kwenda hospitali.